Tovuti nimelipia, wateja siwaoni

SWALI

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni fundi seremala, nina karakana Keko hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa 19. Tuko mafundi wanne na vijana wawili wanaojifunza. Tunatengeneza vitanda, makabati ya nguo, milango na meza za chakula. Sofa tulishaacha, sponji na vitambaa vilikuwa vinanimalizia faida yote. Namshukuru Mungu kazi haijawahi kukauka kabisa, ila Keko unaijua: kulia fundi, kushoto fundi, na mteja akishuka tu kwenye bajaji anazungukwa kabla hajafungua mdomo.

Mwaka jana mwezi wa pili alikuja kijana mmoja mpole, na laptop yake begani, akaniambia, "Mzee, siku hizi mteja anaanzia kwenye simu ndipo anakuja Keko. Usipokuwa na tovuti, hupo." Maneno yakaniingia. Tukakubaliana 650,000, nikampa 400,000, zilizobaki akimaliza. Baada ya wiki tatu akanionyesha kwenye laptop yake. Ilikuwa nzuri kwelikweli. Picha zinatembea zenyewe, rangi nyeusi na dhahabu, jina la karakana limeandikwa kwa mikogo. Nikammalizia hela yake. Mke wangu akasema sasa tumekuwa kampuni.

Tangu siku hiyo, dada, hajaja mteja hata mmoja akaniambia nimekuona kwenye tovuti. Wanaokuja ni walewale wa kuelekezana, na wachache wa Instagram, ambako binti yangu hurusha picha siku akijisikia.

Nilishahesabu kwamba hela imeliwa, nikanyamaza. Mwezi uliopita akaja baba mmoja kununua stuli. Katika maongezi akaniuliza, "Hii ndiyo karakana fulani?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. Kumbe ana shemeji yake anaishi Uingereza, anajenga Kibada, Kigamboni. Huyo shemeji alitafuta mafundi wa Keko mtandaoni, akaiona tovuti yangu, akajaza pale penye "wasiliana nasi", akaeleza anataka vitanda vitatu na milango sita ya ndani, yote mninga. Akasubiri wiki mbili. Akaandika tena. Kimya. Vitanda akanunua kwa mwingine.

Vitanda vitatu na milango sita! Usiku ule sikulala. Nikampigia yule kijana anieleze huo ujumbe ulikwenda wapi. Hapatikani, nasikia amehamia Dodoma. Binti yangu, amemaliza kidato cha nne yuko nyumbani anasubiri matokeo, akatazama akasema ujumbe wote unaingia kwenye barua pepe ambayo sisi hatuna hata nywila yake.

Sasa amejitokeza mwingine. Anasema ile ya kwanza ni takataka, anataka 1,200,000 aanze upya, na 100,000 kila mwezi, na ananihakikishia nitakuwa wa kwanza Google mtu akitafuta samani. Cheti cha usalama anasema ni 150,000 pembeni. Mke wangu anasema safari hii niachane nayo, hela hiyo ninunue mashine ya kuranda. Binti anasema nisiache. Anwani ya tovuti inaishia na .co.tz na nimeambiwa mwezi ujao inatakiwa kulipiwa, la sivyo inafungwa.

Nifanyeje? Anwani nimekutumia uitazame mwenyewe.

Fundi wa Keko

JIBU

Fundi, salamu zimefika, na pole kwa hiyo milango sita.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tovuti haijaleta mteja, lakini mteja ilimleta. Ilimtoa Uingereza ikamfikisha mlangoni kwako, akapiga hodi mara mbili, ndani hakuna wa kusema karibu. Ukishaliona hilo, mengine yote nitakayokuambia yatakuwa mepesi.

Tovuti yako niliifungua kwenye simu, nimesimama ndani ya daladala la Mbagala, makusudi kabisa, maana wateja wako wengi ndivyo watakavyoifungua. Niliigusa tukiwa Mtoni kwa Azizi Ali. Picha ya kwanza ilikuja kutokea Mtongani. Na picha yenyewe, Fundi! Familia ya Wazungu imekaa kwenye sofa la kijivu, na dirishani nyuma yao kuna theluji. Wewe hata sofa hutengenezi. Nikashuka chini kutafuta kitanda: hakuna. Neno mninga: hakuna. Bei: hakuna. Maandishi yote ni Kiingereza, yanasema ninyi ni kampuni inayoongoza kwa suluhisho bunifu za mazingira ya ndani. Mahali mlipo: Dar es Salaam, Tanzania. Namba ya simu ipo, ila imechorwa ndani ya picha, ukiigusa haipigi. Ningekuwa mteja ningelazimika kuikariri huku nimeshika bomba la daladala. Nani afanye hivyo wakati kuna mafundi mia?

Yule kijana wa kwanza simwiti mwizi. Alichukua kiolezo cha bure, akakibandika jina lako, akakuonyesha kwenye laptop yake yenye kioo kikubwa na intaneti ya kasi, nawe ukaipokea kazi palepale. Ni kama mteja kupokea kabati lako usiku, taa imezimika.

Wa pili huyo ndiye aliyenifanya nikunje uso. Nafasi ya kwanza kwenye matokeo ya Google haihakikishwi na mtu yeyote, na Google wenyewe wameliandika hilo kwenye miongozo yao. Unaweza kulipia tangazo likakaa juu, lakini litaandikwa kwamba ni tangazo, na siku hela ikikatika nalo linaondoka. Kuhusu cheti cha usalama, ni kweli unakihitaji: tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika kwamba tovuti isiyo nacho si salama, na mteja akiliona neno hilo anakimbia. Ila kinapatikana bila malipo. Kuna taasisi isiyo ya faida iitwayo Let's Encrypt inayovitoa bure, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hukuwekea kwa kubonyeza mara moja. Hiyo 150,000 ni ya nini basi? Muulize, utazame macho yake.

Kwa hiyo hapana, usimpe 1,200,000.

Wiki hii shughulikia funguo kwanza, kabla ya picha wala maneno. Anwani inayoishia na .co.tz inaitwa kikoa, na kikoa ni cha yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye usajili. Nina wasiwasi mkubwa kwamba jina hilo ni la kijana wa Dodoma. Vikoa vya .tz viko chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na wewe unavinunua kwa mawakala. Binti yako atafute kumbukumbu za kikoa hicho aone wakala gani alikiuza na kinaisha tarehe gani, kisha umpigie wakala. Uwe na leseni ya biashara, TIN, cheti cha BRELA kama jina umelisajili, na zile meseji za muamala za hela uliyomlipa kijana. Muulize kama unaweza kulipia mwaka mwingine wakati suala la umiliki linaendelea.

Na kijana mtafute kwa upole. Ukimwandikia "wewe tapeli" atakublok, mchezo umeisha. Mwandikie hivi: "Mwanangu, sina ugomvi na wewe, kazi uliifanya. Naomba tu kikoa ukiandike kwa jina langu na unipe nywila, gharama za kuhamisha nitalipa mimi." Wengi wakiambiwa hivyo hufanya. Akigoma kabisa, nunua kikoa kipya ukaendelea na maisha yako. Anwani ya zamani hujaichora hata kwenye kirikuu, nani atakayeikumbuka?

Ukishafungua kipya au ukarudishiwa cha zamani, nunua daftari la karatasi. Ndani yake andika kikoa kimesajiliwa wapi, tovuti imehifadhiwa kwa nani, kila kimoja kinaisha lini, na nywila zake. Barua pepe ya biashara ifunguliwe kwa namba yako ya simu. Daftari likae pale unapoweka leseni. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na biashara ndogo ya kadi za harusi, na kikoa kikaisha muda kwa sababu taarifa za kulipia zilikuwa zinaenda kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Niligundua kwa bibi harusi aliyenipigia kuniuliza kama nimefilisika.

Sasa tuje kwenye tovuti yenyewe. Wewe tayari unajua kitu cha kuandika, unakisema kila siku kwa mdomo wako. Chukua daftari la pili, na kwa siku saba andika kila swali linaloulizwa karakanani na kwenye simu, kwa maneno yaleyale ya mteja. Usiyarekebishe. Nakubashiria: hiki kitanda bei gani, ni mninga kweli au mmepaka rangi, mbao zimekauka, siku ngapi, nikitaka droo chini je, usafiri juu ya nani, naanza na shilingi ngapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo tovuti yako. Ukurasa mmoja mrefu unatosha, Kiswahili juu, na aya moja ya Kiingereza chini kwa mgeni. Google haina uganga. Inatafuta ukurasa unaojibu kile mtu alichokiandika. Mtu akiandika "kabati la nguo milango mitatu" au "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei", na kwako neno mninga halipo popote, utampataje?

Hapo kwenye "ni mninga kweli" ndipo naomba usimame kidogo, kwa sababu nadhani ndipo ilipo hela yako. Mteja wa Keko ana hofu inayozidi bei. Anajua kuna mbao za bei nafuu zinazopakwa rangi zikaitwa mninga. Akiwa karakanani anajitetea: anakwaruza kwa ukucha, anainua chaga, anazunguka nyuma ya kabati kuona mgongo umefungwa nini. Aliye Kibada hawezi, sembuse aliye Uingereza. Basi mkwaruzie wewe. Kila kazi ipige picha kabla ya vanishi, mbao ikiwa uchi imetoka kwenye randa, mistari yake inaonekana. Piga picha ya kiungo kabla hujakikaza gundi. Piga mgongo wa kabati, na kama ni plaiwudi sema ni plaiwudi. Fundi mwenye mbao za kubabaisha hawezi kukuiga hapo hata akitaka. Picha ya kitanda kinachong'aa kila mtu anayo, na nyingine zimeibwa China.

Simu yako inatosha kwa kazi hiyo, ila futa kioo cha kamera kwanza, kwa shati, kila mara. Naapa nusu ya picha za maseremala mitandaoni zina ukungu wa vumbi la mbao. Toa kitanda nje kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi, kivulini. Jua la saa sita linaunguza rangi yote. Nyuma tundika shuka moja la rangi moja, tusione ndala za vijana na dumu la maji. Piga kitanda kizima, piga kwa karibu, kisha weka futi ya chuma juu yake upige ya tatu, mtu asome vipimo kwa macho yake.

Halafu zipunguze. Picha ya simu za sasa hufika MB 3 au 4. Ukiweka kumi zilivyo, mteja anateketeza karibu MB 35 za bando lake kabla hajajua unauza nini, na ndiyo maana mimi nilivuka vituo nikisubiri Wazungu wako watokee. Binti azishushe kila moja chini ya KB 200, zipo programu za bure, na kumi zote hazitazidi MB 2. Google nao walianza mwaka 2016 kuhamia kwenye kuzisoma tovuti kwa sura yake ya simu, na kufikia 2023 wakakamilisha. Ile sura nzuri ya laptop uliyoonyeshwa haimsaidii mtu.

Bei. Najua unachotaka kuniambia: nikiweka bei, jirani ataiona. Fundi, jirani alishaijua. Alimtuma mpwa wake akajifanya anaoa. Anayezuiwa na "bei njoo DM" ni mteja peke yake, tena yule mwenye hela na asiye na muda. Unaogopa mbao zikipanda utashikwa na neno lako? Weka mwezi. Andika namna hii:

"Kitanda namba 7. Mninga mtupu, futi 5 kwa 6, kichwa kimenyooka bila nakshi. Chaga 12 za mbao ngumu. Bei ya Januari: kuanzia 900,000. Ukitaka droo mbili chini, ongeza 180,000. Siku 14 tangu ulipe nusu. Kirikuu mpaka Temeke na Ilala 30,000, kwingine tunaelewana. Mbao ikipinda au kupasuka ndani ya miezi 6 tunakuja kurekebisha kwa gharama yetu."

Tarakimu ni za mfano, weka zako. Ila angalia: mtu akishasoma hayo, akikupigia hapigi kuuliza, anapiga kuagiza au kuomba umpunguzie, na kupunguziana ndiyo biashara yenyewe.

Ile fomu ya "wasiliana nasi" ing'oe. Kwa karakana yako ni kaburi la oda. Weka kitufe cha kupiga simu na kitufe cha WhatsApp. Kitufe cha WhatsApp hakihitaji hata fundi mkubwa: ni wa.me, mkwaju (alama hii: /), halafu namba yako ikianzia na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Na kina jambo moja zuri ambalo wengi hawalitumii. Unaweza kukitangulizia maneno, kwa hiyo chini ya kila kitu kitufe kinakuja na ujumbe wake tayari: "Nimeona kitanda namba 7 kwenye tovuti yenu." Mteja anabonyeza tu. Wewe ukiupokea unajua katokea wapi na anataka nini, na mwisho wa mwezi unahesabu. Hapo ndipo utakapojua kama tovuti inazaa au la.

Kuhusu malipo ya mtandaoni yenye kikapu na kadi za benki, mtu akikuuzia hayo mwambie bado. Kitanda cha oda hakinunuliwi kama vocha. Weka Lipa Namba yako, na chini yake andika jina litakalotokea mtu akilipa, herufi kwa herufi. Sisi sote tumeshatumiwa "ile hela tuma kwa namba hii". Mtu akiona jina tofauti na la karakana, anaghairi. Kama Lipa Namba imesajiliwa kwa jina la mkeo, sema hivyo waziwazi.

Pia sajili karakana kwenye ramani ya Google. Ni bure, na kwa fundi wa Keko huenda ikakuletea wateja kabla ya tovuti yenyewe. Wanaweza kukutaka urekodi video kuthibitisha kwamba upo: kibao chako, barabara, mashine zikifanya kazi. Alama ya ramani inamwondolea mteja habari ya ukifika kwenye mti uliza. Ukimpelekea mtu kabati akafurahi, muombe palepale aandike maoni yake. Usiwape wapwa kazi ya kukusifia, inajulikana. Akitokea wa kulalamika, mjibu kwa adabu mbele ya wote, kwamba utakuja lini kurekebisha. Picha za kitanda kikiwa chumbani kwa mtu usizirushe kabla ya kumwomba ruhusa. Mbali na adabu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na majina na anwani za wateja wako ni taarifa binafsi.

Utaniuliza, kama kuna Instagram na ramani, tovuti ya nini? Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Waliokuwa na biashara yao yote humo walikaa wanatazama ukuta. Na wale waliojengewa tovuti za bure ndani ya huduma ya Google ya biashara, Google waliamua kuzizima, zikazimwa Machi 2024. Huko kote wewe ni mpangaji, tena usiye na mkataba. Instagram endelea nayo, ndiko watu walipo, lakini kila picha impeleke mtu kwenye ukurasa wako, palipo na bei na namba ya kitanda. Kisha iandike anwani hiyo kwenye risiti, ubavuni mwa kirikuu, na uichome kwa chuma upande wa ndani wa kila kitanda kinachotoka kwako. Miaka saba baadaye mtu akivunja chaga, ataiona.

Mke wako yuko sahihi: nunua randa. Na binti yuko sahihi vilevile. Mtafute kijana wa tatu, kazi yake ndogo, ukurasa mmoja kama nilivyoeleza, na mlipe jinsi wateja wanavyokulipa wewe: kishika uchumba, kisha zilizobaki ukishaona kazi. Ila kazi usiipokee kwenye laptop yake. Toka naye nje, fungua kwa simu yako na bando lako la kawaida, bonyeza kitufe cha simu. Ikiita mfukoni mwako, mlipe. Kila kitu kiwe kwenye lile daftari. Hiyo 100,000 ya kila mwezi mpe binti. Kila Jumamosi apige picha za kazi za wiki, abadilishe bei zilizobadilika, aondoe kilichokwisha, na kila ujumbe aujibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni "baba yuko kwenye mashine, atakupigia saa kumi na moja." Amfundishe na kaka yake, maana matokeo yakitoka vizuri huyo anaondoka.

Limebaki moja, na hili ni la leo, usisubiri tovuti mpya. Yule baba wa stuli anaweza kukupa namba ya shemeji yake. Vitanda alinunua, kuhusu milango hukuniambia kama amenunua. Mwandikie mwenyewe, au umrekodie sauti. Muombe radhi kwamba ujumbe wake ulipotea kwa kosa la upande wako, usimtaje kijana wala Dodoma. Kisha mtumie picha ya ubao wa mninga ulio hapo karakanani sasa hivi, haujapigwa vanishi, futi ikiwa juu yake, umuulize vipimo vya fremu zake za Kibada.